Mahakimu Wasiolipwa na Chama Chao

Kwa miaka 559 mahakimu wa kujitolea wa Uingereza walihukumu wenzao bila kufundishwa na mtu. Mtu aliteuliwa, akala kiapo, akapanda kitini, akaanza kutoza faini na kupeleka watu gerezani. Sheria aliikuta mezani kwa karani. Mwezi wa Oktoba 1920 baadhi ya mahakimu hao walikutana Guildhall, ukumbi wa kale katika Jiji la London, wakaafikiana juu ya jambo ambalo babu zao wangeliona ni tusi: kwamba kazi yao ina elimu yake, na anayeifanya hana budi kuitafuta. Hapo ndipo kilipozaliwa Chama cha Mahakimu cha Uingereza na Wales, ambacho kimeishi zaidi ya karne moja kikifanya kazi mbili zisizokaa vizuri pamoja. Kinawafundisha wanachama wake kwamba hawajui vya kutosha, na papo hapo kinaiambia serikali kwamba wanajua vya kutosha kuaminiwa.

Msomaji aliyewahi kufika Mahakama ya Mwanzo nchini Tanzania anaijua sura ya wazee wa baraza: hakimu amekaa katikati, wao wako pembeni yake, na mwenye sheria ni yeye. Kule Uingereza mpango umepinduliwa. Watatu wanaokaa juu ndio waamuzi, na hakuna hata mmoja anayelazimika kuwa amesomea sheria. Mmoja anaweza kuwa mwalimu mstaafu, mwingine dereva wa basi, wa tatu ana duka. Chini yao, akiwapa mgongo, anakaa mwanasheria wa kulipwa ambaye kazi yake ni kuwaambia sheria inasemaje. Wakisimama kwenda chumba cha ndani kuamua kama mshtakiwa ana hatia, yeye hana kura. Wao hawana mshahara, wanarudishiwa nauli na gharama nyingine ndogondogo tu. Na usidhani wanaachiwa ugomvi wa kuku na mipaka ya bustani. Zaidi ya asilimia 90 ya kesi za jinai za Uingereza na Wales huanzia kwao na kumalizikia kwao.

Cheo chenyewe kilianza mwaka 1361, wakati wa Mfalme Edward III. Tauni ilikuwa imefagia vijiji miaka michache nyuma, na vita na Ufaransa vilikuwa vimesimama kwa muda, kwa hiyo barabara zilijaa askari waliozoea kupora ng'ambo na sasa hawana kazi. Sheria ya mwaka huo iliamuru kila jimbo liwe na bwana mmoja mkubwa na watu watatu au wanne wenye heshima zao, pamoja na wajuzi kidogo wa sheria, wawe walinzi wa amani: wakamate wakorofi, wawahukumu, na wamdai mtu dhamana ya kutulia hata kabla hajatenda kosa. Kipengele hicho cha dhamana bado kinatumika mahakamani huko hadi leo. Nasi cheo hicho kilitufikia kwa meli ya ukoloni. Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya Tanzania inamtambua mlinzi wa amani, na mtuhumiwa anayetaka kuungama hupelekwa mbele yake, ambaye mara nyingi ni hakimu yuleyule wa Mahakama ya Mwanzo.

Kwa karne kadhaa walinzi hao wa amani ndio waliokuwa serikali ya mashambani. Walikutana mara nne kwa mwaka, na katika vikao hivyo waliamua kesi, wakatengeneza madaraja, wakatoa leseni za vilabu vya pombe, wakapanga ujira wa vibarua, wakasimamia posho za maskini. Aliyetaka kukaa humo ilimpasa awe na ardhi. Tangu karne ya 18 sharti lilikuwa pato la pauni 100 kwa mwaka kutokana na ardhi, na sharti hilo la mali lilidumu mpaka mwaka 1906. Kwa hiyo mwenye shamba alimhukumu mwizi wa sungura aliyekamatwa katika shamba la jirani yake, na jirani huyo alikuwa hakimu mwenzake.

Tarehe 6 Mei 1795 mahakimu wa Berkshire walikutana katika nyumba ya wageni iliyoitwa Pelican, huko Speenhamland. Mavuno yalikuwa mabaya na mkate ulikuwa haushikiki bei. Walikuwa wameitwa wapange ujira wa chini wa vibarua, lakini hawakuupanga. Badala yake wakatunga jedwali: mkate mkubwa wa kipimo maalumu ukiuzwa shilingi moja, mwanamume maskini mwenye bidii apate shilingi tatu kwa wiki kwa ajili yake, na shilingi moja na nusu kwa mkewe na kwa kila mtu mwingine wa nyumbani kwake. Mkate ukipanda, posho ipande. Pale ambapo ujira wa kibarua haukufika kiwango hicho, parokia ingejazia kutoka kwenye kodi. Walikuwa na huruma, sina shaka nayo. Lakini wenye mashamba walielewa haraka kwamba hata wakilipa ujira wa njaa, pengo litajazwa na walipa kodi wote. Mpango ule ulienea katika majimbo mengi ya kusini, ukaleta mabishano ya miaka 40, mpaka Bunge likabadilisha sheria ya maskini mwaka 1834. Sijui mfano ulio wazi kuliko huu wa kitu ambacho watu wema wasio na mafunzo wanaweza kukifanya alasiri moja.

Ukatili nao ulikuwapo. Agosti 16, 1819, mahakimu wa eneo la Manchester walikuwa dirishani katika nyumba moja iliyotazamana na uwanja wa St Peter, wakiangalia umati wa watu wapatao 60,000 waliokuja kudai haki ya kupiga kura. Msemaji Henry Hunt alipopanda jukwaani, mahakimu wakaamuru akamatwe, na wapanda farasi wenye panga wakaingizwa katikati ya watu. Waliokufa ni 15 au zaidi, waliojeruhiwa ni mamia, wanawake na watoto wakiwemo. Serikali iliwaandikia mahakimu barua ya shukrani.

Karne ya 19 iliwapunguzia mzigo. London, ambako mahakimu wa karne iliyotangulia walijulikana kwa kufanya haki iwe biashara, iliwekewa mahakimu wa kulipwa tangu mwaka 1792. Mwaka 1888 mabaraza ya kuchaguliwa yalichukua barabara, madaraja na bajeti za majimbo. Mahakimu wakabakiwa na mahakama na leseni. Kilichobaki kuwa ugomvi ni nani anayeteuliwa. Chama cha Liberal kilipoingia madarakani mwishoni mwa mwaka 1905 kilikuta viti vya mahakama vimejaa wafuasi wa Conservative, na wabunge wake wakamsonga Lord Chancellor wao, waziri mwenye kuteua mahakimu, aweke watu wao. Tume ya kifalme ikaundwa, ikatoa taarifa mwaka 1910, na kutokana nayo zikaanzishwa kamati za ushauri za kupendekeza majina. Wafanyakazi wa viwandani wakaanza kuonekana kitini, mmoja mmoja.

Kisha wakaja wanawake. Sheria iliyofuta kizuizi cha jinsia katika kazi za umma ilipata idhini ya mfalme Desemba 23, 1919. Siku nane baadaye, Desemba 31, Ada Summers, meya wa Stalybridge karibu na Manchester, alikaa kitini kama hakimu kwa sababu umeya ulimpa haki hiyo. Alikuwa mwanamke wa kwanza kufanya hivyo katika nchi ile. Kundi la kwanza la wanawake walioteuliwa lilikuwa na majina makubwa: Beatrice Webb, mtafiti wa umaskini, Gertrude Tuckwell, mpiganiaji wa wanawake viwandani, mke wa Waziri Mkuu Lloyd George, na hata Bi Humphry Ward, mwandishi wa riwaya ambaye kwa miaka mingi alikuwa amepinga wanawake kupewa kura.

Hapa ndipo naona mbegu ya chama. Mwenye shamba alirithi kiti kama alivyorithi farasi wa baba yake, hakuona la kuuliza. Mwanamke aliyeingia mwaka 1920 alijua macho yote yako kwake. Akikosea, watasema wanawake hawawezi. Akasoma sheria, akatembelea magereza, akataka kujua kinachompata mtoto baada ya kuhukumiwa. Jumuiya za wanawake zikaanza kuandaa mihadhara kwa mahakimu wao wapya wakati wanaume wengi bado waliona mihadhara ni ya watoto wa shule. Margery Fry ni mfano wao. Alitoka katika ukoo wa madhehebu ya Quaker, alikuwa akiongoza Howard League, jumuiya ya kupigania marekebisho ya magereza, na mwaka 1921 akawa hakimu London. Aliutumia uzoefu wa upande mmoja kuuhoji upande wa pili. Cecil Leeson, aliyewahi kuwa ofisa wa uangalizi wa wahalifu na kisha kufanya kazi katika jumuiya hiyohiyo, ndiye aliyekuwa katibu wa chama kipya cha mahakimu. Ukiangalia waliokijenga, utaona kilianza kama shule ya urekebishaji zaidi kuliko chama cha kutetea maslahi. Walianzisha pia jarida, The Magistrate, na hakimu wa kijijini ambaye hakuwahi kukutana na mwenzake wa jimbo la pili akapata mahali pa kusoma jinsi wengine wanavyofanya.

Miongoni mwa walioingia miaka hiyo yumo Barbara Wootton, mchumi, aliyeteuliwa mwaka 1926 akiwa na miaka 29. Wakati huo mwanamke wa Uingereza hakuruhusiwa kupiga kura ya ubunge kabla ya kufikisha 30. Angeweza kumfunga mtu jela, asingeweza kumchagua mbunge wake, kwa umri wake tu. Alihukumu kwa zaidi ya miaka 40, sehemu kubwa katika mahakama za watoto London, na mwaka 1970 kamati aliyoiongoza ilipendekeza mhalifu aweze kuamriwa kufanya kazi za huduma kwa jamii badala ya kifungo. Bunge likapitisha adhabu hiyo mwaka 1972. Leo ipo katika nchi nyingi, Kenya na Tanzania zikiwemo.

Kwamba mafunzo yalihitajika, ilithibitishwa na pikipiki. Mwaka 1923 mwendesha pikipiki alihusika katika ajali, akashtakiwa mbele ya mahakimu wa kujitolea katika mji wa Hastings kwa kuendesha kwa hatari. Mahakimu walipoingia chumba cha ndani kushauriana, karani wao wa siku hiyo akaingia nao, kama desturi ilivyokuwa. Wakarudi wakamtia hatiani, faini pauni 10 pamoja na gharama. Baadaye wakili wa mwendesha pikipiki akagundua kwamba karani yule alikuwa mshirika katika ofisi ya mawakili iliyokuwa ikidai fidia kwa niaba ya upande wa pili wa ajali ileile. Mahakimu wakaapa kwamba karani hakufungua kinywa kule ndani, na hakuna aliyewaona waongo. Mahakama ya juu, chini ya Lord Hewart, ikaifuta hukumu hata hivyo, kwa sababu haitoshi haki itendeke, ni lazima ionekane bila shaka yoyote kwamba imetendeka. Mwanafunzi wa sheria wa Dodoma au Nairobi anaifahamu kanuni hiyo, hata asipokumbuka kwamba ilitokana na watu waungwana waliosahau kumfungia karani wao mlango.

Chama kilichukua kazi ya kuwafanya waungwana wawe waangalifu. Sheria ya mwaka 1907 ilikuwa imeruhusu mahakama kumwachia mhalifu chini ya uangalizi badala ya kumfunga, lakini mahakama nyingi hazikuwa na ofisa wa kumkabidhi. Mwaka 1925 sheria ikalazimisha kila eneo liwe naye. Mwaka 1933 ikaamuriwa kwamba kesi za watoto zisikilizwe na mahakimu waliochaguliwa mahsusi kwa uwezo wao katika mambo ya vijana, si babu yeyote aliyekuwa na zamu siku hiyo. Nisikisifu chama kupita kiasi, maana sheria hizo zilikuwa na wazazi wengi, lakini wanachama wake ndio waliozipeleka mpaka mahakama za miji midogo, kwa mikutano na kurasa za jarida.

Baada ya vita vya pili tume nyingine ya kifalme, ikiongozwa na Lord du Parcq, iliuliza swali lililokuwa likiogopwa: hawa watu wa kujitolea wanafaa kuendelea kuwapo? Ilifanya kazi kati ya mwaka 1946 na 1948, na jibu lake lilikuwa ndiyo, kwa masharti. Sheria ya 1949 iliweka kikomo cha umri, miaka 75, na hapo mahakimu waliokuwa wakisinzia kitini wakapata njia ya heshima ya kwenda nyumbani. Ikazitaka kamati za mahakama ziandae mafunzo. Hata hivyo mafunzo hayakuwa ya lazima mpaka mwaka 1966, na tena kwa walioteuliwa kuanzia mwaka huo tu. Hesabu mwenyewe: miaka 46 tangu mkutano wa Guildhall. Wazee waliokuwa kitini tayari waliachwa na ujuzi wao, au ukosefu wake.

Mwaka 1962 chama kilipewa hati ya kifalme, dalili kwamba sasa kinahesabiwa miongoni mwa taasisi za nchi. Makao yake yalikuwa Fitzroy Square, London, mlango wa jirani na nyumba ambayo mwandishi Bernard Shaw aliishi zamani. Mwaka huohuo wa 1962 Eric Irons, mzaliwa wa Jamaica, aliapishwa Nottingham, akawa hakimu wa kwanza mweusi wa kujitolea Uingereza. Miaka minane kabla ya hapo hata kiti cha dereva wa basi kilikuwa kigumu kwa mtu mweusi katika mji ule, na Irons mwenyewe alikuwa miongoni mwa waliopigania kuondolewa kwa kizuizi hicho.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo kubwa kuliko yote chama kilichowahi kulifanya, nalo si mkutano wala hotuba. Ni kijitabu. Magari yalipozidi barabarani, kila mtu aliona kwamba dereva aliyezidisha mwendo alilipa faini moja katika mji huu na mara tatu yake katika mji wa pili, kwa sababu tu mahakimu wa mji wa pili walichukia magari. Katika miaka ya 1960 chama kilichapisha mapendekezo ya adhabu za makosa ya barabarani. Kijitabu hicho hakikuwa na mamlaka yoyote ya kisheria. Hakimu angeweza kukitupa. Lakini wengi walikiweka mezani, na mwaka 1989 kikapanuliwa kufikia makosa mengine ya kawaida: wizi wa madukani, kupiga, kuharibu mali.

Mpango wa kurasa zake ulikuwa rahisi kiasi cha kumfaa mtu aliyetoka kazini saa mbili zilizopita. Juu kabisa ni kosa lenyewe. Kisha swali la kuanzia: kosa kama hili likiwa la wastani, faini inatosha, au adhabu ya kijamii, au jela? Halafu mambo yanayolizidisha, kwa mfano kumwibia mwajiri au kumshambulia mtu anayehudumia umma. Halafu yanayolipunguza. Mwisho, mshtakiwa mwenyewe ni nani, na amekiri mapema? Mahakimu watatu wasiojuana vizuri waliweza kuishusha orodha kwa kidole, wakabishana juu ya mambo yaleyale kwa utaratibu uleule. Mwaka 2008 mwongozo rasmi kwa mahakama hizo ulipotoka, ulikuwa umesimama juu ya kile kijitabu. Watu wa kujitolea walikuwa wameanzisha kitu ambacho dola ilikuja kukikubali na kukifanya sheria ya kila siku.

Upande wa utetezi wa maslahi, historia yake ina mikunjo zaidi. Chama cha walimu au cha madaktari kinaweza kutishia mgomo. Mtu asiyelipwa hagomi, maana hakuna mshahara wa kubishania. Silaha yake ni moja, kujiuzulu, na mahakimu wa Uingereza wameitumia mara mbili kwa namna iliyotikisa.

Mara ya kwanza ilikuwa baada ya Oktoba 1992. Serikali ilileta mpango wa kupima faini kwa vipande: uzito wa kosa unapewa idadi ya vipande, na kila kipande kinauzwa kwa bei inayolingana na kipato cha mshtakiwa, kutoka pauni 4 kwa maskini hadi pauni 100 kwa tajiri. Kwa nadharia ni haki tupu. Huko Cwmbran, Wales, mtu mmoja alitupa chini pakiti tupu ya krispi. Hakurudisha fomu ya kueleza kipato chake, na sheria ikasema asiyejieleza ahesabiwe tajiri. Akatozwa pauni 1,200. Alipofafanua kwamba hana kazi, faini ikashuka hadi pauni 48. Magazeti yalikula pakiti ile kwa miezi. Mahakimu walilalamika kwamba wamegeuzwa mashine za kuzidisha namba, baadhi wakaacha viti, na Mei 1993 Waziri wa Mambo ya Ndani, Kenneth Clarke, akatangaza kuufuta mpango wote. Naamini walitupa mtoto pamoja na maji ya kuogea, kwani wazo la faini kufuata kipato lilikuwa zuri na lilihitaji tu fomu bora. Lakini walishinda.

Mara ya pili nawaunga mkono bila kusita. Tangu Aprili 2015 kila aliyetiwa hatiani alilazimika kuilipa mahakama gharama ya kumhukumu: pauni 150 akikiri kosa dogo, hadi pauni 1,000 mbele ya mahakimu akikataa kosa kisha akashindwa. Hakimu hakuwa na ruhusa ya kupunguza hata senti. Ombaomba aliyeiba chakula cha pauni chache alitoka na deni la mamia. Mbaya zaidi, asiye na hatia alikuwa na sababu nzuri ya kusema anayo, kwa kuogopa bei ya kujitetea. Chama kilipeleka malalamiko serikalini chini ya mwenyekiti wake Richard Monkhouse, huku makumi ya mahakimu wakijiuzulu mmoja baada ya mwingine na kusema hadharani kwa nini. Waziri wa Sheria Michael Gove akasalimu amri, na tozo ile ikafa Desemba 24, mwaka huohuo.

Ushindi huo ulikuja wakati nyumba yenyewe ikipungua. Mwanzoni mwa karne hii mahakimu wa kujitolea walikuwa karibu 30,000. Kufikia mwaka 2022 walibaki kama 12,500. Umri wa kustaafu, ulioshushwa hadi 70 mwaka 1968, ulikuwa ukiwatoa wazoefu haraka kuliko wapya walivyoingia, na mwaka 2022 ukarudishwa 75, jambo ambalo chama kilikuwa kimeliomba kwa miaka mingi. Zaidi ya nusu ya majengo ya mahakama zao yamefungwa tangu mwaka 2010, mengine yakauzwa na kugeuzwa hoteli na nyumba za kupanga. Hakimu aliyetakiwa awe mtu wa mtaa sasa anaendesha gari saa nzima kwenda kuwahukumu watu wa mtaa asioujua. Kitu kimoja tu kimekwenda mbele bila kurudi: wanawake, walioingia wakihesabika kwa vidole, leo ni zaidi ya nusu.

Chama kilipiga kelele pia juu ya mamlaka. Hakimu wa kujitolea hakuruhusiwa kumfunga mtu zaidi ya miezi sita kwa kosa moja. Bunge lilipitisha miezi 12 mwaka 2003, lakini kifungu hicho hakikuwahi kuanza kutumika, na kwa karibu miaka 20 kila mwenyekiti aliyeingia alikidai. Mei 2022 kikaanza. Machi 2023, magereza yakiwa yamefurika, serikali ikakifuta. Novemba 18, 2024 ikakirudisha. Hapo panaonekana uzito halisi wa chama mbele ya dola: mlango ule ulifunguliwa na kufungwa kwa kuhesabu vitanda vya magereza, si kwa hoja za miaka 20.

Penye heshima zaidi kwake ni pale kilipojilaumu chenyewe, au karibu hivyo. Tangu mwaka 2015 kesi ndogondogo kama kutolipia leseni ya televisheni au kupanda treni bila tiketi huamuliwa na hakimu mmoja, kwa karatasi tu, pasipo mshtakiwa wala umma kuwapo. Ni watu wa chama wenyewe wanaofanya kazi hiyo. Machi 2024 chama kilitoka hadharani kikasema wanachama wake hawaridhiki, kwamba barua za wagonjwa na wazee zinapitwa kwa haraka, na kwamba utaratibu urekebishwe. Agosti mwaka huohuo hakimu mkuu wa Uingereza na Wales, Paul Goldspring, alitoa uamuzi uliofungua njia ya kufutwa kwa hukumu za nauli za treni zipatazo 74,000, kwa kuwa kampuni za treni hazikuwa na ruhusa ya kutumia njia hiyo kwa makosa yale.

Mfano wa chama ulivuka bahari pia. Mwaka 1970 kiliundwa Chama cha Mahakimu cha Jumuiya ya Madola, kwa juhudi za Thomas Skyrme, ofisa aliyeshughulikia uteuzi wa mahakimu Uingereza kwa miongo mitatu, na baadaye kikawajumuisha majaji. Mkutano wake wa Septemba 2017 ulifanyika Dar es Salaam. Wengi waliohudhuria mikutano ya aina hiyo kutoka kwetu ni wanasheria wa mshahara, kwa hiyo wana matatizo tofauti na ya wenzao wa Uingereza, ingawa mrundikano wa mafaili wanaujua wote.

Mrundikano huo ndio ulioleta pendekezo jingine Uingereza. Julai 2025 jaji mstaafu Brian Leveson alishauri kwamba kesi za uzito wa kati katika Mahakama ya Crown, iliyo juu ya ile ya mahakimu, zisikilizwe na jaji mmoja pamoja na mahakimu wawili wa kujitolea, bila juri. Kwa watu wasiolipwa hiyo ni heshima ambayo waanzilishi wa 1920 wasingeiota. Ni mzigo pia, na ungewekwa kwenye mabega ya watu ambao idadi yao ni kama nusu ya walivyokuwa miaka 20 iliyopita. Kwa miaka 20 na zaidi chama kimedai mamlaka kwanza. Kwa maoni yangu safari hii kidai watu kwanza, na majengo ya kuwakalisha, ndipo kipokee hizo kesi.